Kinyago Kisicho na Jina



Kuna kinyago cha chuma kinachosimama mbele ya lango la jengo moja kando ya barabara inayoingia Mbarara. Jengo lenyewe sitalitaja, kwa sababu mwenye nalo hana ubaya na mtu, na kosa lake ni kosa la wengi. Kinyago hicho kina urefu wa watu wawili waliobebana mabegani. Kimetengenezwa kwa mapipa ya mafuta yaliyopasuliwa, yakanyooshwa kwa nyundo, kisha yakachomelewa juu ya nondo. Macho yake ni mipasuo miwili, pua ni ndefu, mdomo ni duara tupu, na paji la uso limepambwa kwa rimu za baiskeli. Chini yake pana kibao chenye maneno matatu: Urithi Wetu, Afrika.

Muhula uliopita nilipita hapo na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, tukirejea Kabingo kutoka kwenye mdahalo mjini. Wakaomba gari lisimame, wakashuka kupiga picha. Mmoja wao, kijana aliyezaliwa Mwenga katika Kivu Kusini na kulelewa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, alibaki kando. Akaniuliza, "Mwalimu, huyu ni nani?" Nikamjibu upesi, kama walimu tunavyojibu tunapokuwa na haraka, kwamba ni kinyago cha Kiafrika. Akanyamaza kidogo kwa adabu, kisha akasema, "Ndiyo, Mwalimu. Lakini ni cha nani?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimekuwa nikilitafuta, na kadiri ninavyolitafuta ndivyo ninavyozidi kukasirika, kwanza na nafsi yangu, kisha na desturi nzima ya kusimamisha nyuso kubwa za chuma na kuziita mababu zetu bila kuuliza ni mababu wa nani.

Tuanze na sarufi, maana ndiyo kazi inayonilisha. Umefundishwa kwamba nomino ya pekee hutaja kitu kimoja kinachojulikana: Kagera, Mbarara, Nyerere. Nomino ya kawaida hutaja kitu chochote cha aina yake: mto, mji, mtu. Mwenye jengo lile amechukua vitu vilivyokuwa nomino za pekee, kila kimoja na jina lake, kabila lake, siku yake ya kutoka na mtu wake wa kukishika, akavichanganya vyote na kupata nomino moja ya kawaida: kinyago cha Kiafrika. Hebu jiulize kama umewahi kuona mlangoni mwa hoteli popote duniani sanamu iliyoandikwa "Uso wa Kizungu". La hasha. Wao wana Shakespeare na Churchill, wenye majina na miaka ya kuzaliwa. Sisi tunapewa uso mmoja tugawane bara zima.

Neno kinyago lenyewe lingeweza kutufundisha adabu kama tungelisikiliza. Lina undugu na unyago, yaani mafunzo ya jando la wasichana, mahali ambapo sanamu na michoro huonyeshwa mwali pamoja na maneno yanayofafanua maana yake. Kwa hiyo ndani ya neno hili mna darasa. Mna mwalimu, mna mwanafunzi, mna siri inayotolewa kwa kipimo. Barakoa ni neno jingine. Sote tulilizoea mwaka 2020 wakati wa ugonjwa wa korona, nalo linataja kitu cha kufunika uso, basi. Mtu anayesimamisha bati lenye matundu mawili ya macho na kuliita kinyago huenda ametengeneza barakoa kubwa tu.

Sasa mrejee yule kijana. Kwao Mwenga, kama ilivyo Shabunda na Pangi, ni nchi ya Warega, na Warega wana chama chao cha kale kiitwacho Bwami. Wanaume na wanawake huingia humo na kupanda daraja baada ya daraja kwa miaka mingi, na daraja la juu kabisa huitwa Kindi. Wenye vyeo vya Bwami hushika vinyago vidogo vya mti viitwavyo lukwakongo, vingi vikiwa na uso uliopakwa udongo mweupe na ndevu za nyuzi za mimea. Jambo ambalo wageni wengi hawalitambui ni kwamba vinyago hivi aghalabu havivaliwi usoni. Hushikwa mkononi, hufungwa kwenye mkono au kwenye paji la uso, hutundikwa juu ya uzio, huburutwa kwa ndevu zake, hupangwa vikiwa kundi. Na kila kinapotolewa, hutolewa pamoja na methali na ngoma. Kinyago bila methali yake ni kama kamusi yenye kurasa nyeupe. Mtu akifa, kinyago chake humwendea anayemrithi, naye hukitunza kama ukumbusho wa yule aliyemtangulia.

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliipiga Bwami marufuku. Vinyago vingi vikaishia katika makabati ya kioo Ulaya, vikiwa na maelezo ya urefu na upana wake katika sentimita. Methali hazikusafiri navyo.

Kwa hiyo kijana wangu alipouliza "ni cha nani", alikuwa akiuliza swali ambalo katika mila ya wazee wake ndilo la kwanza. Kitu kinachoenea katika kiganja cha mzee, kinachoonekana kwa wanaostahili tu, sisi tumekifanya kiwe kirefu kuliko mlango na kukiweka barabarani ambako hata malori ya ndizi yanakitimulia vumbi. Halafu tukamwambia, "Tazama, tumekuheshimu."

Wapo watakaoniambia kwamba ninaitetea sanaa ya mti dhidi ya sanaa ya chuma, kwamba mimi ni mhafidhina asiyetaka jipya. Ndugu zangu, kama kuna watu duniani wasiohitaji ruhusa ya mtu kufua chuma, ni sisi wa pande hizi za Kagera. Ukitoka Kabingo ukashika barabara ya Kikagati, utafika mtoni, na ng'ambo ya mto ni Karagwe. Huko Bweranyange palikuwa ikulu ya mfalme Rumanyika, ambako Speke alipokewa mwaka 1861 na Stanley mwaka 1876. Stanley alioneshwa nyumba ya hazina ya mfalme, akaandika kwamba aliona humo bata wa shaba na ng'ombe wa shaba wasio na vichwa. Karagwe ilikuwa pia na ng'ombe wa chuma waliofuliwa kwa nyundo, pembe zao zikiwa ndefu na zimepinda kama za ng'ombe unaowaona leo wakivuka barabara ya Isingiro. Zana za mhunzi zilikuwa miongoni mwa alama za ufalme. Hizo ndizo sanamu za chuma za urithi wa jirani zetu, karibu kiasi kwamba tungeweza kwenda na kurudi kwa siku moja, na bado nimepata kufundisha darasa zima ambamo hakuna hata mmoja aliyekuwa amezisikia. Wote walikuwa wameuona mdomo wa duara.

Ukienda mbele zaidi, upande wa Bukoba, utafika Katuruka. Wahaya wanasimulia kwamba mfalme wao Rugomora Mahe aliwaamuru wahunzi wajenge mnara wa chuma ufike mbinguni. Mnara ukajengwa, mnara ukaanguka. Mwanaakiolojia Peter Schmidt aliposikia simulizi hiyo hakuicheka. Alichimba pale pale wazee walipomwonesha, karibu na mti wa Kaiija, na ardhini akakuta mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Mwaka 1978 yeye na mwenzake Donald Avery wakauarifu ulimwengu wa sayansi kwamba wahunzi wa magharibi mwa Tanzania walikuwa wakitengeneza chuma cha pua kwa tanuri zao tangu zama hizo. (Neno "chuma cha pua" limewachekesha wanafunzi wangu kila mwaka. Halihusiani na pua ya kinyago.) Mnara wenyewe haupo, lakini simulizi ilihifadhi mahali penyewe kwa uaminifu uliozidi ule wa ramani nyingi. Angalia tofauti: hapa kitu kilianguka na maneno yakabaki. Pale langoni kitu kimesimama na maneno hayapo.

Basi chuma chenyewe hakina hatia. Ninachogombana nacho ni ukubwa unaotumika kuficha ujinga. Mtu asiyejua la kusema hupandisha sauti, na mchongaji asiyejua anamchonga nani huongeza urefu. Dakar, Senegal, ndiko utakapouona ugonjwa huu ukiwa katika kipimo chake kamili. Sanamu ya Mwamko wa Afrika ilizinduliwa Aprili 2010. Ina urefu wa mita 49, juu ya kilima, mwanamume, mwanamke na mtoto, na ilijengwa na kampuni kutoka Korea Kaskazini. Gharama zake zilitajwa kuwa dola milioni 27 hivi. Rais Abdoulaye Wade akadai kwamba asilimia 35 ya mapato ya watalii ni haki yake, kwa kuwa wazo lilikuwa lake. Wasenegali wengi walilalamika, wengine kwa sababu ya gharama, wengine kwa sababu ya mavazi haba ya yule mwanamke. Mimi lalamiko langu ni dogo zaidi: wale watatu hawana majina.

Na usidhani kwamba uso usio na jina ni uvumbuzi wetu. Nenda Dar es Salaam, pale katikati ya mji, umtazame Askari wa shaba aliyesimamishwa na Waingereza mwaka 1927. Ni kazi nzuri, lazima nikiri, hata mkunjo wa nguo zake unaonekana. Imeandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili hicho kimechongwa kwa herufi za Kiarabu pia, kwa hiyo ni sehemu ya historia ya lugha unayojifunza. Lakini askari yule ni nani? Alizaliwa kijiji gani? Wapagazi walikufa kwa maelfu katika vita vile, wakibeba mizigo ya majeshi ya watu wengine, na jiji likapewa askari mmoja wa jumla awawakilishe wote. Mkoloni alikuwa na sababu ya kutotuuliza majina. Sisi tuna sababu gani?

Nisieleweke vibaya. Wapo wasanii wanaoifanya kazi hii kwa namna inayonivulia kofia. Sokari Douglas Camp, mzaliwa wa Buguma nchini Nigeria, huunda kwa chuma watu wa ngoma za vinyago za Wakalabari, watu wake mwenyewe, na huziita kwa jina hilo. Romuald Hazoumè wa Benin hutengeneza vinyago kwa madumu ya plastiki, yale yale ya njano unayoyaona yamepangwa foleni kwenye bomba la maji Nakivale, na hafichi kwamba ni madumu, kwa sababu dumu nalo lina historia yake ya kusimulia. Freddy Tsimba wa Kinshasa huchomelea miili ya watu kwa maganda ya risasi yaliyookotwa mahali palipopiganiwa. Alijenga pia nyumba nzima kwa mapanga. Ukisimama mbele ya mwanamke wa Tsimba huhitaji kibao cha kukwambia kwamba hiyo ni Kongo. Risasi zenyewe zinakwambia. Chuma kwake ni shahidi, si rangi ya kupaka.

Hapa ndipo ninapowakumbuka mafundi wa kuchomelea wa Nakivale. Makazi haya yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia, na leo yana zaidi ya watu laki moja, Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi, na mafundi wetu wanafanya: milango, madirisha, mageti, majiko, vitanda. Nimeona kopo la mafuta ya msaada likikunjuliwa na kuwa kipande cha mlango, maandishi ya mfadhili yakiwa bado yanasomeka, mengine yakiwa yamepinduliwa miguu juu. Kama unatafuta sanamu ya urithi wa miaka sitini ya Nakivale, umekwisha kuanza kuiona. Lakini yule fundi hajawahi kuombwa kinyago. Anaombwa geti, kisha kinyago kinaletwa na gari kutoka mbali, kikiwa tayari kimefungwa kwenye maturubai.

Najua pingamizi linalokuja, kwa sababu nimelisikia katika chumba cha walimu: mgao wa chakula unapunguzwa mwaka hadi mwaka, watoto wanakuja darasani bila kula, na wewe unazungumzia sanamu? Ni pingamizi zito na silidharau. Mimi ndiye ninayewaona wanafunzi hao saa nne asubuhi wakiwa wamelaza vichwa juu ya dawati. Lakini anayesema kwamba mwenye njaa hahitaji ukumbusho hajapata kuhudhuria msiba Nakivale. Hajaona jinsi watu wanavyochanga shilingi mia mia ili marehemu awe na msalaba wenye jina lililoandikwa sawasawa, pamoja na jina la kijiji ambacho hawatakiona tena. Maskini ndiye anayeujua uzito wa jina. Zaidi ya hayo, zile fedha za kinyago cha langoni hazikuwa za unga. Zilikwisha kutengwa kwa ajili ya sanaa. Swali lililobaki ni kama zitatumika vizuri au vibaya.

Upo pia upande wa haki, na kwa kuwa ukurasa huu ni wa elimu ya uraia nitakutajia kifungu. Ibara ya 37 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inampa kila mtu haki ya kuwa wa utamaduni fulani, kuufuata na kuuendeleza. Tazama uteuzi wa neno: kila mtu, si kila raia. Mrega wa Nakivale yumo. Na Mnyankole mwenyewe yumo, ambaye suala la urithi kwake nalo halijatulia. Ufalme wa Ankole ulifutwa mwaka 1967 pamoja na falme nyingine. Nyingine zilirudishwa kuanzia mwaka 1993, Ankole haikurudishwa, na hadi leo watu wa hapa hawakubaliani kama irudi. Ngoma ya Bagyendanwa ina watu wanaoililia na watu wanaoinyamazia. Hata ng'ombe mwenye pembe ndefu anayetukaribisha Mbarara, ambaye binafsi ninampenda, amewahi kuniletea mzozo darasani, mtoto wa mkulima wa ndizi aliponiuliza mgomba umekosa nini. Mzozo ule ulikuwa somo bora kuliko yote niliyoyafundisha mwaka ule. Ng'ombe anaweza kubishaniwa kwa sababu anajulikana. Mdomo wa duara haubishaniwi na mtu, na ndiyo maana wenye majengo wanaupenda: haumuudhi yeyote, kwa sababu haumtaji yeyote.

Wakati huo huo vitu vyenyewe vinaanza kurudi, taratibu, na hapa nakusihi uwe msikilizaji mkali wa lugha. Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alikabidhi kinyago cha Kakuungu, cha Wasuku, kwa jumba la makumbusho la taifa mjini Kinshasa. Ni kinyago kikubwa cha mti, chenye mashavu yaliyovimba. Kilikabidhiwa kama mkopo usio na kikomo. Juni 2024 vitu 39 kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge vilifika Makumbusho ya Uganda, Kampala, navyo ni mkopo, wa miaka mitatu kwa kuanzia. Umejifunza tofauti ya kukopa, kukopesha na kurudisha. Anayekopesha ni mwenye mali. Sasa itafute katika sentensi hizo mali ni ya nani, na uniambie kama sarufi imekosewa au imetumiwa kwa ustadi mkubwa sana. Hata hivyo, Kakuungu angalau amerudi na jina lake. Tungeweza kujifunza hilo kutoka kwa mkopeshaji.

Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Kile cha langoni hakimtishi mtu kwa sababu nyingine kabisa, kwamba hakuna anayejua kilitakiwa kumtisha nani. Mara ya mwisho nilipopita, mlinzi alikuwa ametundika koti lake la mvua kwenye pua.

Ninachodai ni kidogo. Atakayetaka kusimamisha uso wa chuma katika wilaya ya Isingiro au mjini Mbarara, kwanza aende akaulize wenyewe, na akiambiwa kwamba uso ule hauwekwi barabarani, akubali, aunde kitu kingine. Kazi ampe fundi anayeishi hapa. Chini ya sanamu aandike jina la kitu, jina la watu wake, jina la fundi na chuma kilitoka wapi. Na aandike kwa lugha wanayoisoma wapita njia. Mwaka 2022 serikali iliamua kwamba Kiswahili kifundishwe shule zote, na mimi ninakifundisha, lakini kwa kinyago cha Mrega hata mimi ningetaka Kirega kitangulie.

Kazi yako ya wiki hii, basi. Mtafute mzee wa kwenu, au wa jirani yako kama wa kwenu yuko mbali au hayupo tena. Mwamkie ipasavyo. Mwombe akutajie kitu kimoja ambacho wazee wake walikitunza, kiwe ngoma, kiti, mkuki, kibuyu, kinyago, chochote. Andika jina lake kwa lugha yake, nani aliruhusiwa kukishika, na maneno gani yalisemwa kilipotolewa. Aya tatu zinatosha, kwa Kiswahili sanifu. Mzee akikataa kukwambia, usimlazimishe, na wala usijaze nafasi hiyo kwa kubuni. Andika kwamba amekataa, na tarehe. Nitakupa alama zote.